Meno ya bandia seti nzima na maumivu ya taya: tupeane uzoefu

Mtoto wa Uyole
Wakuu, poleni na baridi. Naanza na mama yangu, miaka 71, anavaa seti nzima juu na chini, ile ile tangu 2009. Mwaka jana akaanza kulalamika sikio la kulia. Tukamwekea dawa ya matone, wapi! Akipiga mwayo unasikia "tak" hadi jikoni. Daktari wa masikio akasema sikio ni zima, nendeni kwa wa meno.

Huyo akamwekea vidole mbele ya masikio, akamwambia fungua, funga. Akaniita nami nishike: upande wa kulia mfupa ulikuwa unaruka chini ya kidole changu. Kisha akaniwekea meno yenyewe kiganjani. Magego yamelika mpaka yamekuwa laini kama kokoto ya mtoni. Kumbe ndiyo maana mama akifunga mdomo kidevu kilikuwa kinaifuata pua, na sisi tukasema uzee.

Kwenye picha, kichwa cha mfupa wa taya ya chini, ambacho huwa na mviringo, cha kulia kilikuwa bapa. Alivyotueleza: jino likitoka, mfupa wa chini ya fizi huisha taratibu, hasa taya ya chini. Seti inalegea, meno yanalika, taya inafunga kupita kimo chake, yaani nafasi kati ya taya ya juu na ya chini meno yakikutana, na kiungo cha taya pale mbele ya sikio kinaelemewa. Mfupa ni kitu hai, unajichonga upya kufuata mzigo.

Mkwawa Junior
Kamwene. Babu yangu wa Kilolo anavaa ya juu tu, ya chini inacheza kaiacha kwenye kikombe. Picha yake ni bapa pande zote mbili, lakini haumwi hata kidogo. Sasa hapo tunatibu nini?

Fundi sanifu Njombe
Mkuu, hapo hakuna cha kutibu kwenye kiungo. Ubapa peke yake si ugonjwa, hata wenye meno yao huupata. Tunaangalia maumivu, mdomo unafunguka kiasi gani, na kama mzee anakula. Ila hiyo ya chini ipelekeni ikawekwe bitana mpya, yaani tabaka la ndani linalokaa juu ya fizi, maana fizi imeshapungua. Na nawaombeni sana, msigundishe meno kwa gundi ya viatu. Naletewa kila mwezi, kimo chote kimeharibika.

Mama Tumaini, Tukuyu
Ndaga fijo, fundi. Mimi nililala nayo miaka mingi, nikiona haya wakwe wasinione kibogoyo. Asubuhi taya limekaza, uji wenyewe kazi. Nimeanza kuyavua usiku na kuyaloweka kwenye maji, huu mwezi wa tatu, fizi zimepoa. Taya bado linagoma kukiwa na ukungu. Mtoto wa Uyole, mama aliendeleaje?

Mtoto wa Uyole
Shikamoo mama. Walipandisha kimo kidogo kidogo kwenye seti ya zamani kwanza, ndipo wakamtengenezea mpya. Mfupa umebaki bapa vile vile, "tak" ipo kwa mbali, maumivu hana. Makande anakula. Mahindi ya kuchoma anayapukuchua kwa kidole gumba, punje moja moja.