Naomba ushauri: Je, nikifunga mashine kwenye mashua yangu nitapata samaki wengi zaidi?

Mvuvi wa Makasia

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Ninamiliki mashua ya mbao inayokwenda kwa tanga na makasia, iliyochongoka mbele na nyuma, na tunavua kwa nyavu za kutega pamoja na mishipi. Wenzangu kadhaa wamekwisha kufunga mashine, nao hurudi mapema wakiwa na samaki wabichi kabisa, ilhali sisi tunapofika ufukweni tunakuta wachuuzi wameshajaza matenga yao, tukalazimika kuuza kwa bei ya kubembeleza. Ninachouliza ni hiki: je, mashine huongeza samaki kweli, na ongezeko hilo hudumu? Naomba wanijibu waliolipitia jambo hili, kwa sababu tangu lianze kuzungumzwa nyumbani kwangu usingizi umekuwa wa mang'amung'amu.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, pokea salamu za mzee. Mimi nimevua kwa tanga na nimevua kwa mashine, na jambo la kwanza ninaloweza kukuambia ni kwamba mashine haivui samaki. Wavu ndio unaovua. Mashine inakununulia masafa na saa, yaani inakufikisha kwenye mwamba ambao makasia yangekufikisha umechoka na jua limeshapanda, na inakurudisha hata upepo ukikataa. Kwetu sisi faida kubwa kuliko zote ilikuwa hiyo ya kurudi. Nakumbuka upepo ulivyotuangukia tukiwa mbali na nchi kavu, tanga likalala kama nguo iliyoanikwa, na mkondo ukaanza kutuchukua nje. Mwenzetu mwenye mashine ndiye aliyetuvuta. Tangu siku ile sikubishana tena na mtu kuhusu mashine. Lakini vijana wa leo wasiojua kusoma mawingu wala mkondo, mashine ikizima wanabaki wakitazamana, na hilo linanisikitisha sana. Usiuze tanga lako, mwanangu, hata ukifunga mashine.

Mama Mchuuzi

Kaka yangu, mimi sivui, ninanunua, kwa hiyo nitasema ya upande wangu. Samaki aliyefika na macho maangavu na mashavu mekundu ananipa muda wa kumfikisha kwa mteja, na aliyekaa kwenye maji ya moto ndani ya mashua ananilazimisha nimkaange au nimkaushe. Idadi ya samaki inaweza kuwa ileile na mapato yakatofautiana sana. Kabla ya kuwazia mashine, umewahi kuwazia barafu na sanduku lenye kifuniko? Kuna wavuvi wanaochoma petroli nyingi wakikimbilia bei, ilhali samaki wao wameanza kuharibika tangu walipotupwa juani baada ya kutolewa wavuni.

Mtakwimu

Ndugu mleta mada, swali lako la kama ongezeko hudumu lina jibu linalojulikana, na si jibu la kufurahisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulifuatilia vyombo vya uvuvi duniani tangu mwaka 1950 hadi 2015 na kukuta kwamba idadi yake ilipanda kutoka milioni 1.7 hadi milioni 3.7, na kwamba kufikia mwaka 2015 asilimia 68 ya vyombo hivyo vilikuwa na mashine. Ongezeko kubwa lilitokana hasa na vyombo vidogo vya wavuvi wa asili vilivyofungwa mashine. Katika kipindi hichohicho, kiasi cha samaki kinachopatikana kwa kila kipimo cha juhudi ya kuvua kiliporomoka, na katika nchi nyingi kikabaki kama sehemu moja ya tano ya kilivyokuwa mwaka 1950. Tena Uingereza, ambako meli za tanga zilizokokota nyavu zilipisha zile za mvuke tangu mwishoni mwa karne ya 19, samaki waliopatikana kwa kila kipimo cha nguvu ya kuvua walipungua kwa asilimia 94 kati ya mwaka 1889 na 2007.

Maana yake ni hii: wa kwanza kufunga mashine hupata kweli, kwa sababu anafika mahali ambapo samaki walikuwa wamejificha kwa umbali tu. Wote wakishafunga, umbali hauwafichi tena, na kila mmoja anabaki na gharama ya mafuta ambayo zamani hakuwa nayo. Mchumi wa Kanada H. Scott Gordon aliueleza mwenendo huu mwaka 1954: pale ambapo hakuna anayezuiwa kuingia majini, juhudi huongezeka mpaka faida inamezwa yote na gharama.

Hata hivyo sijaweza kukushauri, kwa sababu hujasema fedha za mashine zinatoka wapi.

Mvuvi wa Makasia

Nawashukuru wote, na mzee wangu nahodha, shikamoo. Kuhusu fedha, hilo limeshapatiwa njia na si tatizo. Ningependa tubaki kwenye suala la samaki.

Mtakwimu

Suala la fedha ndilo suala la samaki, ndugu yangu. Mashine iliyolipiwa kwa akiba inaweza kupumzika siku ambayo bahari haina kitu, lakini yenye deni haipumziki. Imepatiwa njia gani?

Mvuvi wa Makasia

Basi nitaeleza, kwa kuwa mmeng'ang'ania. Yupo mfanyabiashara wa samaki ambaye atanunua mashine ya nguvu za farasi 40, nami nitailipa kidogokidogo kutokana na mavuno. Sharti lake ni kwamba samaki wote nitamuuzia yeye mpaka deni liishe, kwa bei atakayoipanga mwenyewe kila siku. Najua mtasema nini, lakini mtu huyu namfahamu, hana makuu, na amewasaidia wengine wawili ambao leo wana mashine. Wanaolaumu mikopo ya namna hii mara nyingi ni wale ambao hawajawahi kutafuta mkopo kwingine na kuambiwa waweke nyumba rehani. Mimi sina nyumba ya kuweka rehani.

Mama Mchuuzi

Mimi ni mnunuzi, kwa hiyo nisikilize vizuri. Mnunuzi anayepanga bei peke yake, na anayepima kwa mizani yake peke yake, hana sababu ya kutaka deni lako liishe. Simsemi vibaya mtu nisiyemjua. Ila waulize hao wengine wawili jambo moja, nalo ni kama wameshamaliza kulipa, na kama hawajamaliza, deni limepungua au limeongezeka kwa sababu ya vipuri na mafuta ambayo naye huwakopesha. Usiwaulize kama wana mashine, maana hilo kila mtu analiona.

Msimamizi wa Dua

Tatizo letu ni tamaa, ndugu zangu. Wazee wetu walivua kwa kasia wakalea watoto wakasomesha. Riziki imeandikwa, na anayeikimbiza kwa farasi 40 hataiongeza hata chembe. Turidhike.

Nahodha Mstaafu

Kuridhika ni jambo jema, bwana, lakini mimi niliyevuta kasia tangu utotoni mabega yangu hayanyanyuki tena juu ya kichwa. Usimwambie kijana aridhike na jambo hilo. Mashine inawaokoa watu na kazi ya punda, na hilo nalo ni pato, ingawa haliingii kwenye mizani.

Fundi wa Mashua

Naomba nirudi kwenye chombo chenyewe. Farasi 40 ni nyingi mno kwa mashua ya aina uliyoitaja. Chombo kinachopasua maji badala ya kupanda juu yake kina mwendo wake wa asili unaotegemea urefu wa sehemu inayogusa maji. Kwa urefu wa mita 6, mwendo huo ni kama maili 6 za baharini kwa saa. Mashine ndogo inaufikia. Ukiongeza nguvu zaidi ya hapo, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inazama, omo la mbele linanyanyuka, mawimbi yanakua nyuma yako, na petroli inaisha bila wewe kufika mapema kwa kiasi cha maana. Hata mwenye mashine ndogo akipunguza mwendo kidogo chini ya ule wa juu kabisa, mafuta hupungua sana, kwa sababu nguvu inayohitajika hukua haraka kuliko mwendo. Na kwa kuwa mashua imechongoka nyuma, umepanga kuifunga wapi?

Mvuvi wa Makasia

Itafungwa kwenye ubao wa nyuma kama kawaida. Ubao ni mnene na umeshikwa kwa boliti, hauna shida.

Msomaji Mkimya

Samahani, wanajukwaa, lakini hapa nina mashaka. Katika ujumbe wa kwanza mashua imechongoka mbele na nyuma, na sasa ina ubao wa nyuma wenye boliti. Mwanzoni alijifanya hajui kama afunge mashine au asifunge, kumbe nguvu zake zinajulikana, mkopeshaji yupo na masharti yameandikwa. Nimeshaona watu wakileta visa vya kubuni ili wakusanye majibu ya karatasi za shule, au wauza mashine wanaotaka watu watamani. Naomba tusitumie muda wetu kumshauri mvuvi asiyekuwepo.

Fundi wa Mashua

Nami nimeliona hilo. Mleta mada, kama mashua ipo, tueleze tezi ilivyo leo.

Mvuvi wa Makasia

Mashua ipo, na haya ninayoandika yananiuma. Tezi imeshakatwa. Tulikubaliana na mfanyabiashara, fundi akaja, akaondoa fashini, yaani mti wa kusimama wa nyuma, pamoja na ncha za mbao zote mbili za juu, akaweka ubao wa kusimama. Taruma la mwisho, yaani ubavu wa ndani wa mashua, halikufika kwenye ubao huo, kwa hiyo akaunganisha kwa kipande cha mti wa pembe ambacho hakikuwa kimekauka. Sasa kimejikunja, na kati yake na ubao wa pembeni naweza kupitisha ncha ya kisu. Tumetia kalafati ya kuziba nyufa mara kwa mara, lakini mashua ikikaa majini usiku, asubuhi maji yanafika kwenye vifundo vya miguu, na hiyo ni kabla ya mashine kupachikwa. Ndiyo maana niliuliza kuhusu samaki. Kama mashine haitaleta samaki, basi tezi ya mashua aliyoniachia baba imekatwa bure. Ndugu Msomaji, sina cha kuuza.

Msomaji Mkimya

Nimekuelewa, ndugu. Mtu asiyekaa kwenye mashua hawezi kuandika habari ya kile kipande cha pembe. Naomba radhi.

Fundi wa Mashua

Basi hapa pana kazi ya kufanya kabla ya yote. Usipachike mashine yoyote juu ya tezi hiyo. Mtikisiko wa mashine hauvunji ubao kwa siku moja. Unalegeza misumari polepole, kalafati inatoka, na siku itakayofunguka utakuwa mbali. Kipande hicho kitolewe, kiwekwe cha mti mgumu uliokauka, na ubao wa nyuma ufungwe kwenye mkuku, yaani mti mkuu wa chini, na kwenye mataruma mawili ya mwisho kwa miti mirefu ya kuegemeza, ili nguvu ya mashine isukume mashua nzima na si ubao peke yake. Na mashine iwe ya farasi 8 au 9.9. Ndogo ina uzito mdogo, mafuta machache, na deni fupi.

Mvuvi wa Makasia

Mfanyabiashara anataka 40, kwa sababu anasema nitafika kwenye maji ya mbali na kuvuta wavu mkubwa zaidi. Na wavu huo pia atatoa yeye.

Mtakwimu

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Kerala, nchini India, wavuvi wa vyombo vya asili walianza kufunga mashine ndogo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zikafuatiwa na nyavu kubwa za kuzungushia, na nyavu hizo zikataka vyombo vikubwa, navyo vikataka mashine kubwa, mpaka chombo kimoja kikawa na mashine mbili au tatu. Senegal mashine zilienea kwenye mitumbwi, nyavu za kuzungushia zikaja katika miaka ya 1970, na leo mitumbwi mikubwa hubeba barafu na kukaa baharini siku nyingi kwa sababu maji ya karibu hayatoshi tena. Ghana serikali hutoa ruzuku ya mafuta ya mashine za mitumbwi, na ruzuku ya namna hiyo humfanya mvuvi aendelee kwenda hata pale ambapo samaki peke yao wasingelipia safari. Kote huko mashine ilileta samaki wengi mwanzoni. Kila hatua pia ilimdai mvuvi hatua nyingine, na aliyekuwa na deni hakuweza kusimama katikati.

Nakuomba upime jambo moja tu: kilo za samaki kwa kila lita ya petroli. Kilo kwa kila safari zitakudanganya, kwa kuwa zinaweza kupanda huku unazidi kupoteza. Muombe mmoja wa wale wawili akuruhusu uende naye ukaandike lita na kilo, safari nzuri na mbaya pia.

Mama Mchuuzi

Na ukizungumza na mfanyabiashara, deni liandikwe kwa fedha na si kwa samaki, bei iwe ile inayolipwa ufukweni siku hiyo, mizani muitazame wote wawili, na siku ambayo hukuvua usihesabiwe kosa. Akikataa yote manne, utakuwa umejua anachonunua. Kuhusu mabaharia wako, mgao utakuwaje mashine ikianza kuchukua sehemu yake?

Mvuvi wa Makasia

Hilo la mabaharia ndilo tuliloligombania nyumbani, kwa sababu mmoja ni mdogo wangu, na mashine ikifungwa wawili kati yao hawatahitajika tena. Nitatengeneza tezi kwanza kama fundi alivyosema. Mfanyabiashara nitamwambia nataka mashine ndogo bila wavu wake, niende kwa mishipi na nyavu zangu zilezile, tanga libaki mashuani, na mashine itumike zaidi kurudi ili tuwahi ufukweni. Sioni kwamba nilikosea kukubaliana naye, maana bila yeye nisingekuwa na njia yoyote, lakini masharti ya mama nitayapeleka kwake yote manne. Kesho kutwa naondoka na mmoja wa wale wawili. Amekubali nibebe daftari, ila ameniomba nisimwambie mfanyabiashara.

Mama Mchuuzi

Hapo alipokuomba usimwambie, kaka, uliza kwa nini mkiwa bado ufukweni.