Naomba ushauri: maneno ya Kiholanzi yaliyounganishwa, nayakata wapi na mkazo naweka wapi?

Habari zenu wapendwa, naomba msaada kwa wanaojua Kiholanzi, hasa mliosoma mkiwa hapa Uholanzi au Ubelgiji. Najiandaa na mtihani wa kuongea na kinachonikwamisha ni haya maneno marefu yaliyounganishwa. Sisi tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ziekenhuis (hospitali) ulimi wangu unataka kusema zieKENhuis wakati wenyewe wanasema ZIEkenhuis. Nikaambiwa kanuni ni rahisi tu, mkazo unakaa kwenye neno la kwanza, kama SLAAPkamer (chumba cha kulala) na VOORdeur (mlango wa mbele), sawa, nikaishika, halafu nakutana na stadHUIS (ukumbi wa jiji), nieuwJAAR (mwaka mpya), hogeSCHOOL (chuo), hapo ndo nachoka kabisa.

Kukata nako ni shida. Avonden (jioni nyingi) inakatwa avon-den, ila avondeten (chakula cha jioni) ni avond-eten, maana wanafuata maneno mawili yaliyomo ndani, avond (jioni) na eten (chakula). Sasa kama siyajui hayo maneno? Valkuil ukikata val-kuil ni shimo la mtego, ukikata valk-uil anakuwa ndege, aina ya bundi! Nimejaribu kutafuta kwenye kamusi neno moja moja na kusikiliza redio huku narudia, inasaidia kidogo ila neno jipya likija narudi palepale.

Maswali yangu: hayo yenye mkazo kwenye neno la pili yana kanuni yoyote au ni kukariri tu? Na ukikutana na dude kama arbeidsongeschiktheidsverzekering (bima ya kushindwa kufanya kazi) mara ya kwanza, unaangalia nini ili ujue pa kukata, ile s ya katikati au kuna dalili nyingine? Natanguliza shukrani.