Naomba ushauri: pezi moja la roketi yangu ya daraja la kwanza limekaa upande

Mzaramo wa Kansas (mtoa mada)
Wanajukwaa, salaam. Ninaishi Kansas, Marekani, na ninaunda roketi ya kujaribia cheti cha daraja la kwanza, yaani ruhusa ya kurusha mota za ukubwa wa H na I. Kiwiliwili ni bomba la karatasi ngumu lenye kipenyo cha sentimita 10, mapezi ni matatu ya plaiwudi yanayopenya ukuta hadi kugusa bomba la mota la milimita 38, na pua ni ya plastiki. Jana nilipoitazama kwa nyuma niligundua kuwa pezi moja limeuacha mstari wa penseli kwa kama nyuzi mbili za pembe, na gundi imekwisha kukauka. Usingizi umenipaa. Je, nilikate nilipachike upya, au niilegeze gundi kwa kupuliza hewa ya moto? Urushaji ni mwisho wa juma hili kwenye malisho ya Argonia, huku huku Kansas, na rangi nimekwisha kupaka.

Mpima Mbingu
Ndugu, liache hilo pezi. Nyuzi mbili zitaifanya roketi ijizungushe kidogo inapopanda, na wapo wanaoyapachika mapezi kimshazari kwa makusudi ili ijizungushe. Hewa ya moto ndiyo itakayokuponza, kwa sababu gundi nyingi za kawaida za epoksi hulegea kabla ya kufikia joto la maji yanayochemka, na huwezi kulipasha moto pezi moja bila joto kuvifikia viungo vya jirani. Ninalotaka kujua mimi ni jingine: umetumia gundi gani, pete ya nyuma inayoshika bomba la mota katikati ya kiwiliwili umekwisha kuigundisha, na kamba ya mwavuli wa kuishushia roketi umeifunga wapi?

Mama Salima
Mwanangu, nimesoma mara mbili ili nihakikishe kuwa sikukosea. Watu wanakwenda ughaibuni wakarudisha mabati ya kuezekea nyumba za wazazi wao, nawe unanunua mbao za kuziteketeza angani? Sikukatazi kucheza, ila ukubwa una mambo yake.

Mzee wa Malindi
Mama Salima, usimvunje moyo kijana. Sisi wa pwani ya Malindi roketi si habari ngeni kwetu, kwani tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini hapa kwetu, na ikapewa jina hilo kwa kuwa ilikuwa siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Swali langu kwa mtoa mada ni moja: je, roketi yako inaweza kufika huko juu ziliko setilaiti?

Mzaramo wa Kansas
Shikamoo Mzee. Haifiki, nikipata hata mita mia chache nitashukuru. Mama, fedha za nyumbani zinatumwa kila mwezi, hilo usiwe na wasiwasi nalo. Ndugu Mpima, kwa kushikiza mapezi nilitumia epoksi ya dakika 5, kisha nikajaza pembeni kwa epoksi ya kukauka polepole. Pete ya nyuma imeshikwa na matone machache tu. Kwa hiyo pezi halitakuwa na neno? Hata mkaguzi wa usalama akiliona?

Mpima Mbingu
Umejibu maswali mawili kati ya matatu. Kamba iko wapi?

Mzaramo wa Kansas
Kamba ipo. Kwa kawaida huifunga kwenye bomba la mota kabla ya kuliingiza ndani ya kiwiliwili, lakini siku ile nilikuwa nikishindana na gundi inayokauka, na nilipokumbuka, pete ya mbele ilikuwa imekwisha kushika. Nikaibandika kamba kwenye ukuta wa ndani, karibu na mdomo wa bomba, kwa karatasi niliyoikunja na kuiloweka gundi, kama tufanyavyo kwenye roketi ndogo. Nimeivuta kwa mikono yote miwili na haikubanduka. Ndiyo maana sikuona haja ya kulitaja, na kwa kweli sioni sababu ya kufumua kazi iliyokwisha kupakwa rangi wakati tatizo lenyewe ni pezi.

Mpima Mbingu
Pezi ni urembo. Hapa kwenye kamba ndipo penye cheti chako. NAR na Tripoli, vyama viwili vya warusha roketi vinavyotoa vyeti, vyote hutazama hali ya roketi inaporudi, na ikirudi ikiwa haiwezi kurushwa tena, hujafaulu hata kama ilipanda ikiwa imenyooka kama mshale. Roketi yako haiwezi kuwa chini ya kilo moja na nusu. Baruti ya mota ikichelewa au ikiwahi kuifungua pua, mwavuli utakunjuka roketi ikiwa bado ina mwendo, na mvuto wa ghafla utakuwa mara nyingi ya uzito wake. Karatasi ile itabanduka, pua itaelea na mwavuli wake, na kiwiliwili kitashuka peke yake hadi kujichimbia shimo malishoni. Karatasi isipobanduka, kamba itakata ukingo wa bomba na kulichana kuelekea chini kama zipu. Zaidi ya hayo, mkunjo wako umekaa kwenye njia ya mwavuli.

Bahati yako ni hayo matone machache ya pete ya nyuma. Itoe. Kati ya bomba la mota na ukuta wa kiwiliwili kuna nafasi ya karibu sentimita 3; pitisha keekee ndefu hapo, katikati ya mapezi mawili, utoboe pete ya mbele. Ingiza uzi imara kwenye tundu hadi utokee mdomoni, uufunge kwenye ncha ya bolti yenye kitanzi ambayo tayari imefungwa kamba, kisha uuvute kwa nyuma ili bolti ikae mahali pake. Washa (kile kisahani cha chuma cha kukalia nati) na nati zivae huo huo uzi, uzisogeze kwa koleo la mdomo mrefu, ukaze, na umalizie kwa epoksi ili mtikisiko usiilegeze nati. Kamba iliyo karibu na mota iwe ya Kevlar, uzi unaostahimili moto, kwa kuwa nailoni huungua kwa gesi ya baruti.

Fundi Boti, Mombasa
Naongezea hapo kwenye gundi, kwa maana epoksi ndiyo iliyonilea. Niliwahi kuziba ufa wa boti ya mteja juu ya epoksi ya zamani bila kuiosha, na kiraka kikatoka kizima kama ganda la yai lililochemshwa. Epoksi nyingi zikikauka huacha utando wa mafuta mafuta juu yake, hasa penye unyevu. Ukianza na msasa unausambaza tu. Osha kwanza kwa maji na kitambaa, kausha, ndipo upige msasa hadi mng'ao uishe, ndipo uweke gundi mpya. Na hiyo ya dakika 5 ibaki kuwa ya kushikiza tu, usiitegemee kubeba mzigo.

Msema Kweli
Samahani wakuu, mnapoteza muda wenu kwa hadithi ya kutunga. Mota ya H haiuzwi kwa mtu asiye na cheti, na huyu bwana hana cheti, ndicho anachokitafuta. Tazameni pia maelezo yanavyobadilika: kwanza ni pezi, halafu ni kamba, kesho atatuambia kuwa roketi ni ya shemeji yake. Atuonyeshe mota.

Binti Pangani
Hata mimi nilishangaa mtu kukosa usingizi kwa nyuzi mbili. Kwetu kishada kikiinama tulikiongezea mkia, tukaenda kulala.

Mzaramo wa Kansas
Sikusema kuwa nina mota. Nilichonacho ni kasha tupu la alumini la kutilia mota, nililolinunua mapema ili nipime kama linaingia. Na kwa kuwa nimeitwa mwongo, niseme na hili: haliingii lote. Linakwama sentimita 2 kabla ya kufika, kwa sababu gundi ya pete ya mbele ilivuja na kuingia kwenye mdomo wa juu wa bomba la mota. Nilikuwa nimepanga kulisukuma kwa nyundo ya mpira siku yenyewe.

Mpima Mbingu
Msema Kweli, kasha tupu halina masharti, lolote liwalo linauzwa kwa yeyote. Kinachodhibitiwa ni mafuta yake. Tangu 2009 hayamo tena kwenye orodha ya vilipuzi ya serikali ya Marekani, lakini wauzaji bado hudai cheti, na anayejaribu kwa mara ya kwanza hupewa mota moja uwanjani chini ya usimamizi. Mtunga hadithi angesema roketi ililipuka. Hangehangaika na tone la gundi upande wa pili wa pete.

Wewe Mzaramo, nyundo iweke mbali. Viringisha msasa kwenye kijiti, ulisugue hilo tone kidogo kidogo hadi kasha liteleze kwa uzito wake lenyewe, kwa sababu kasha lililobanwa hutatamani kulitoa likiwa la moto. Baada ya hapo tutajua uzito. Utatumia mota ipi?

Mzaramo wa Kansas
H123. Roketi bila mota ni gramu 1,650. Nitaweka bolti, lakini karatasi nayo ningependa ibaki, iwe akiba. Nikiing'oa, rangi ya mdomoni itachubuka.

Mpima Mbingu
Akiba inayozuia mwavuli kutoka si akiba. Ing'oe, na mdomo ukichubuka uimarishe kwa epoksi nyembamba, kwani hapo ndipo kamba itakaposuguana. Kuhusu mota, namba 123 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, na kanuni ya tano kwa moja, yaani msukumo uwe mara tano ya uzito wa roketi, inakuruhusu kilo 2 na nusu pamoja na mota yenyewe, kwa hiyo una nafasi. Ila bolti na gundi yote hiyo itauvuta uzito nyuma. Ukimaliza, tia mota ya mfano yenye uzito sawa, itundike roketi kwa uzi, na utie alama inapolala sawasawa. Alama hiyo iwe mbele ya kitovu cha mgandamizo wa hewa, yaani mahali nguvu ya hewa inapokusanyikia, ambacho programu ya bure ya OpenRocket itakupa, kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba, yaani sentimita 10 kwako. Ikipungua, ongeza uzito puani.

Msema Kweli
Basi kama ni kweli, picha ya bolti tu inatosha. Nitaomba radhi mwenyewe.

Mzaramo wa Kansas
Pete ya nyuma imetoka bila kupasuka, na mwanga ukipita kwa nyuma pete ya mbele inaonekana yote. Picha nimeiweka. Uzi uliomo kwenye tundu ni wa kushonea viatu, sikuwa na mwingine. Ndugu Mpima, nati ya milimita 6 inatosha, au nitafute kubwa zaidi?

Mpima Mbingu
Inatosha. Weka washa pana chini yake, plaiwudi isizame.