Nimemkosoa mwenzangu picha ya ziwa, ameifuta. Nilikosea wapi?

Tripodi Mguu Mmoja:

Wakuu, habari za humu. Kuna jambo linanikera wiki ya tatu sasa, nimeona nililete kwenu wenye uzoefu.

Tuko watu watano tunaopenda kupiga picha za mandhari. Kila Jumapili usiku kila mmoja anatuma picha moja, wengine wanne wanasema wanachokiona. Tulikubaliana tangu mwanzo: hakuna kupakana mafuta kwa mgongo wa chupa. Lakini mnajua mambo yanavyokwenda. Haikupita miezi miwili, ikawa ni "Safi sana!", "Hatari!", kidole gumba, basi. Mimi mwenyewe nilituma picha ya maporomoko nikijua kabisa fokasi ilidondokea kwenye jani la mbele badala ya maji, na wote wanne wakanipigia makofi. Nilijisikia kama mtu aliyevaa shati nje ndani na kila anayepishana naye anamwambia amependeza.

Sasa mwenzetu mmoja akatuma picha ya ziwa alfajiri. Maji yametulia tuli, ng'ambo kuna mstari wa miti, ukungu kidogo, anga lina rangi ya machungwa. Nikasema leo acha niwe mkweli. Nikaandika hivi, neno kwa neno:

"Upeo umeinama kushoto. Anga limeungua. Mbele hakuna kitu. Ungengoja dakika kumi ungepata mwanga mzuri zaidi."

Hakujibu. Kulipokucha picha haipo, ameifuta. Jumapili iliyofuata hakutuma kitu, na ya baada yake vilevile. Kundini hajatoka. Anasoma kila kinachoandikwa, ila yuko kimya.

Kinachonisumbua ni kwamba sioni kama nilisema uongo. Sasa niambieni, ukweli unasemwaje mpaka mtu arudi na picha nyingine badala ya kuifuta aliyoileta? Na tafadhali msinipe ile ya "sifa, kosoa, sifa". Mtu akishaanza tu kunisifia, mimi huwa nakaa nasubiri "lakini" yake, sisikii tena anachosema.

Jiwe la Mtoni:

Mkuu, huna kosa. Ukiweka picha mbele ya watu umeshaiweka. Mimi nilifunzwa na mtu aliyekuwa ananiambia neno moja tu: "Rudia." Nikarudia, na leo nasimama mwenyewe. Mwache apoe, atarudi.

Tripodi Mguu Mmoja:

Sawa Jiwe, lakini wewe ulikuwa unamwamini aliyekuambia. Mimi na huyu jamaa tunafahamiana miezi minne tu. Halafu "rudia" nini? Alikuwa anakuonyesha pa kurekebisha?

Jiwe la Mtoni:

Hakuwa anaonyesha. Kusema kweli miezi sita ya kwanza nilikuwa narudia kosa lilelile.

Mama Ukungu:

Mwanangu Tripodi (kama umenizidi umri utanisamehe), nimekaa miaka 11 nikitazama picha za wenzangu kwenye chama chetu cha wapiga picha na nikitoa maoni, na nimeshawaliza watu kadhaa. Kwa hiyo nasema kama mkosaji mwenzako.

Komenti yako ina sentensi nne. Nianze na ya mwisho, maana nadhani ndiyo iliyomfukuza. "Ungengoja dakika kumi." Alfajiri ile imeshapita, hawezi kuirudisha. Na umejuaje kuwa hakungoja? Pengine alikaa pale saa nzima na mawingu yakaziba. Mimi kabla sijaandika huwa najiuliza, hiki ninachotaka kusema anaweza kukifanyia kazi lini? Kuna vitu atavirekebisha leo usiku kwenye kompyuta: kunyoosha, kukata kingo, kufuta doa, kupunguza rangi zilizokolea kupita kiasi. Kuna vingine atavikumbuka safari ijayo: kushusha tripodi, kusogea hatua mbili kushoto ili mti usimeze mlima, kuchukua lenzi ndefu. Kisha kuna mwanga uliokwisha kuondoka. Huo naunyamazia, isipokuwa yeye mwenyewe aniulize.

"Mbele hakuna kitu." Hapo umetoa hukumu, lakini hukumwambia macho yako yalifanya nini. Mimi ningeandika hivi:

"Jicho langu limeingilia kwenye ukungu, likaenda hadi kwenye miti, halafu likateremka kwenye maji likakosa pa kutua. Theluthi ya chini nimeipita bila kusimama. Ulitaka maji matupu, au kuna kitu ufukweni uliamua kukiacha?"

Hapo umempa kitu ambacho yeye mwenyewe hawezi kukipata, yaani macho ya mtu ambaye hakuwepo. Yeye alikuwepo. Alisikia baridi vidoleni, alisikia ndege wakiamka, na kila akiitazama picha yake anayaona hayo yote. Sisi hatuyaoni. Hata mpiga picha hodari hawezi kujisahaulisha alichokisikia pale.

"Anga limeungua." Yaani mwanga umezidi mpaka mawingu yamegeuka weupe mtupu. Uliitazamia wapi? Kama ni kwenye simu, mchana, mwangaza wa kioo umepandishwa hadi mwisho, huna ushahidi. Picha zikitumwa kwa simu hubanwa pia, na mawingu mepesi ndiyo ya kwanza kuharibika. Mwombe afungue faili lake ghafi, lile la kamera lisilobanwa, aangalie histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, giza kushoto na weupe kulia. Ikiwa imelundikana na kukatwa kwenye ukuta wa kulia, limeungua kweli na hakuna dawa. Ikiwa haijagusa ukuta, mawingu bado yamo, atashusha sehemu angavu na yatajitokeza. Niliwahi kumsema mtu kwamba nyasi zake zina kijani cha sumu. Kumbe kioo cha kompyuta yangu kilikuwa kimezeeka, wenzangu wote waliona nyasi za kawaida. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa upeo. Hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Ufukwe wa ng'ambo ukikaa mshazari, upande mmoja uko karibu na mwingine mbali, mstari wa maji utaonekana umeinama hata kamera ikiwa imenyooka kabisa. Ukiunyoosha huo mstari, unapindisha miti. Kwenye ziwa usiuamini ufukwe, tazama taswira ya miti ndani ya maji. Maji yakiwa yametulia, ncha ya mti na ncha ya taswira yake zinatakiwa kukaa kwenye mstari mmoja wa wima. Ile picha bado unayo?

Tripodi Mguu Mmoja:

Mama, shikamoo. Ngoja nitafute, huenda simu iliihifadhi yenyewe. Moyo umeanza kwenda mbio.

Korongo Mkimya:

Mimi ni wa upande wa pili, wa kukosolewa. Nilikuwa na picha ya mti mmoja kwenye ukungu, mti uko kushoto kabisa, kulia kote ni weupe mtupu. Watu sita wakaniambia nikate kulia. Nikakata. Ikawa picha ya mti, imetoshea vizuri kwenye fremu, imekufa.

Baadaye mtu wa saba akaniuliza, "Ule uwazi wa kulia uliuacha kwa nini?" Ilinibidi nifikiri kabla ya kujibu. Upepo ulikuwa unatokea kulia, na mti umekua ukilalia kushoto kwa sababu hiyo. Nafasi ile ilikuwa ya upepo. Nikairudisha, tena nikaiongeza kidogo.

Wale sita sikuwalaumu sana. Ukweli ni kwamba wa kwanza aliandika "kata kulia", watano wakafuata nyayo. Tangu siku hiyo kwenye kundi letu kila mtu anaandika maoni yake pembeni kwanza, tunayaweka yote kwa pamoja. Utashangaa jinsi watu wanavyotofautiana wakiwa hawajachunguliana. Na mwenye picha anasema mapema anachotaka, mfano "naomba macho yenu kwenye rangi tu, mpangilio nimeridhika nao." Hapo huna sababu ya kumgusia upeo.

Jambo jingine, picha haijafa kwa sababu imekosolewa. Ansel Adams, mpiga picha wa mandhari wa Marekani, alipiga ile picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya Hernandez, New Mexico, mwaka 1941, kisha akaendelea kuichapa upya kwa miongo kadhaa. Chapa za mwanzo zina anga lenye mawingu hafifu, za baadaye anga ni jeusi karibu kabisa, na negativu, yaani filamu ya picha yenyewe, ni ileile moja. Mwambie mwenzako asifute, aweke kando tu.

Jiwe la Mtoni:

Mnaongea kwa upole mpaka nasinzia. Lakini naomba msigeuze kila kitu kuwa swali. Mtu akiangaza sehemu za giza kwenye kompyuta mpaka mlima ukazungukwa na utepe mweupe kama umechorwa kwa chaki, siwezi kumuuliza "ulikusudia nini?" Nitamwambia: ukingo wa juu wa mlima, kuanzia katikati kwenda kulia, kuna utepe mweupe, punguza. Au: kona ya juu kushoto kuna doa la vumbi lililo kwenye sensa, kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga; ulipofunga tundu la lenzi likawa dogo, f/16, likajitokeza. Au: lenzi yako ni pana, milimita 16, na umeivisha filta ya polaraiza, ile ya kukoleza anga na kupunguza mng'ao, ndiyo maana anga lina bonde jeusi katikati na pembeni limepauka. Hayo hayana hisia ndani yake. Mtu anayaondoa kwa dakika mbili na anakushukuru.

Mama Ukungu:

Jiwe, hapo tuko pamoja. Na angalia ulivyosema: umetaja mahali, umetaja sababu. "Rudia" yako imekua.

Nakuongezea moja, maji ya maporomoko. Kamera ikipokea mwanga kwa sekunde 30 inayageuza kuwa moshi, kwa robo sekunde inaacha nyuzi zake zinaonekana. Lipi ni zuri? Hilo halina jibu sahihi, na ndipo watu wengi tunapojichanganya, tunamkosoa mtu kwa kutopiga picha ambayo sisi tungepiga. Mimi sipendi moshi, kwa hiyo huwa naanza kwa kukiri: "Mimi si mpenzi wa maji ya moshi, punguza maneno yangu kwa nusu." Halafu ndiyo naendelea.

Tripodi Mguu Mmoja:

Wakuu, nimerudi. Picha nimeipata, ilikuwa imejihifadhi kwenye simu. Nimeihamishia kwenye kompyuta, nikachukua rula, nikaiweka juu ya kioo kwenye mti mrefu kuliko yote. Ncha ya mti na ncha ya taswira yake ziko wima, hata unywele hazijapishana. Nikajaribu mti wa pili, nao vilevile. Ufukwe ndio unaokwenda mshazari. Kamera yake ilikuwa imenyooka, na mimi nilimwambia imeinama kwa uhakika kabisa, mbele ya watu wanne.

Nimemwandikia pembeni. Nimemwambia kuhusu upeo nilikosea, nimepima kwa rula, na Jumapili nitalisema hilo kundini maana ndipo nilipolisemea. Kuhusu kungoja nimeomba radhi tu. Halafu nimemwambia macho yangu yalikosa pa kutua kwenye maji, nikamuuliza kama maji matupu aliyataka.

Jibu limekuja baada ya saa mbili hivi. Nimemwomba ruhusa ya kulileta hapa, amekubali:

"Niliyataka. Kulikuwa na mtumbwi umefungwa pale mbele, nikahama hatua kama ishirini ili usiingie, maana kila picha ya ziwa ina mtumbwi. Lakini ulivyosema macho hayana pa kutua nimeiangalia tena, ni kweli maji ni mengi mno. Nitakata chini kidogo nione. Anga liliungua, hapo ulipatia, nililiona tangu nikiwa palepale nikajifanya sijaliona."

Chini yake akaambatanisha faili ghafi lenyewe, bila maelezo. Ndiyo naifungua sasa hivi.