Gumzo la ukoo: kabla msingi haujachimbwa

[19:04] Mdogo Wangu: Shikamooni nyote. Picha niliyoituma hapo juu ni ramani ya nyumba, ambayo mchoraji ameimaliza wiki hii. Fundi anataka kuanza kuchimba msingi Jumatatu, kwa hiyo kila mwenye neno namwomba alitoe sasa, maana ukuta ukishasimama maoni yote hugeuka lawama.

[19:12] Baba Mdogo: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nimeikuza picha nikaipitia chumba kwa chumba, na vyumba vyenyewe vimepangwa kwa akili. Kinachonikera ni kwamba ramani inaishia ukutani. Nje ya ukuta karatasi ni nyeupe tupu: siuoni ule mti mkubwa, sioni maji ya paa yataangukia wapi, wala mtu atakayetoka getini atapita wapi kufika mlangoni.

[19:15] Mdogo Wangu: Bustani tulipanga kuishughulikia tukishahamia, Baba Mdogo. Mti huo uko upande wa magharibi, na fundi amependekeza ukatwe ili apate pa kuweka mchanga na kokoto. Baadaye eneo lote la mbele litamwagwa zege, tusisumbuliwe na matope wala majani.

[19:23] Mimi: Mdogo wangu, ngoja nikusimulie yaliyonipata, kwa sababu ramani yako inafanana na yangu hata pale yangu ilipokosea. Sebule yangu ina dirisha pana la kioo linalotazama magharibi, na aliyenichorea alinisifia jinsi nitakavyokuwa nikilitazama jua likizama. Ni kweli linazama vizuri, ila huu ni mwaka wa nane na kochi lililo mbele ya dirisha hilo halikaliki kuanzia alasiri mpaka giza liingie. Nilianza na pazia jepesi, nikaongeza zito, nikafunga feni, kisha kwa haraka ya kutafuta kivuli nikapanda mti mita mbili tu kutoka ukutani, na sasa mizizi imeinua vigae vya baraza. Wewe una mti uliokwisha kukua, tena bure, halafu unataka kuukata ili upate pa kumwaga kokoto!

[19:25] Mdogo Wangu: Lakini Dada, paa langu lina upenu wa sentimita 60 pande zote. Hautoshi kulizuia jua?

[19:38] Baba Mdogo: Upenu huo unatosha jua likiwa juu, mwanangu, wala hauna msaada jua likishuka. Chukua kalamu tupige hesabu. Jua likiwa nyuzi 30 juu ya upeo wa macho na likilikabili dirisha moja kwa moja, upenu wa sentimita 60 unaoanzia juu tu ya fremu utatia kivuli sentimita 35 za kioo, na dirisha lako lina urefu wa sentimita 120. Ili kulifunika lote ungehitaji upenu wa zaidi ya mita mbili, nao ungeitia sebule giza siku nzima. Pazia nalo linachelewa, kwa sababu joto likishapita kwenye kioo limekwisha kuingia ndani, na pazia lenyewe linapata moto na kuurudisha chumbani. Jua la magharibi huzuiwa nje, kabla halijagusa kioo, na kizuizi kinachofaa ni kile kilichosimama wima mbele ya dirisha: mti, mmea wa kutambaa juu ya fito, au mbao zilizopangwa wima. Je, mti una urefu gani, na kutoka hapo hadi ukuta wa sebule ni mita ngapi?

[19:52] Mdogo Wangu: Nimetoka nje na tochi nikapima kwa hatua. Kutoka shinani hadi kigingi cha kona ya sebule ni kama mita 9, na kwa urefu naukadiria mita 8.

[19:58] Baba Mdogo: Basi mtu aliyeupanda alikuwa anakufikiria wewe. Katika nyuzi zile zile 30, mti wa mita 8 hulaza kivuli cha karibu mita 14 chini, maana yake ni kwamba kitafika ukutani kwako na kupanda mpaka mita 2.8 hivi, juu ya dirisha lote. Na kwa mita 9 mizizi haina ugomvi mkubwa na msingi, tofauti na ule wa dada yako. Hasa kwenye udongo wa mfinyanzi, mti ulio karibu na ukuta hunywa maji yaliyo chini ya msingi, udongo unasinyaa wakati wa ukame, na ukuta unapasuka. Kwa hiyo usiukate, ila pia usidhani kuuacha umesimama kunatosha. Zungushia uzio wa muda unaofika pale matawi yanapoishia, gari la mchanga lisipite humo na saruji isichanganyiwe humo, kwa kuwa udongo ukishindiliwa mizizi hukosa hewa, na mti utaanza kukauka baada ya mafundi kuondoka, wakati hakuna atakayekumbuka sababu.

[20:01] Wifi: Shikamoo Baba Mdogo, shikamoo Wifi. Mimi nina neno kuhusu jiko. Mume wangu amelichora kubwa, mita 5 kwa 4, na sinki limewekwa kwenye ukuta usio na dirisha. Sikulalamika kwa sababu kila mtu alinipongeza kwa ukubwa.

[20:13] Baba Mdogo: Marahaba, mkwe wangu. Ukubwa wa jiko ni sifa ya siku ya kuonyesha wageni, na baada ya hapo unageuka mwendo wa miguu. Mwaka 1926 mwanamke msanifu majengo, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za mradi wa jiji la Frankfurt, Ujerumani. Alihesabu hatua za mpishi na kujifunza kutoka majiko membamba ya mabehewa ya treni, akatoa jiko la takriban mita 1.9 kwa 3.4 ambamo kila kitu kilifikika kwa hatua chache, na majiko kama hayo yapatayo 10,000 yakajengwa. Majiko mengi ya leo yenye makabati yaliyoshikana ukutani ni wajukuu wa jiko hilo.

[20:17] Wifi: Nimekuelewa, ila jiko la mita 1.9 lingetufukuza mmoja wetu, kwa sababu mimi na Mama tunapika pamoja na watoto wanapita katikati yetu.

[20:22] Baba Mdogo: Umegusa kasoro yake hasa, na hata waliolitumia waliilalamikia: lilimtosha mtu mmoja na kumtenga na wenzake. Kwa hiyo usiige vipimo vyake, iga swali lake. Sinki, jiko la kupikia na friji vipange ili ukijumlisha umbali kati ya hivyo vitatu usizidi mita 7 au 8, na njia ya watoto isikate katikati. Meza ya kukatia isimame sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko cha anayeitumia zaidi, hata kama kipimo cha dukani ni 90.

[20:24] Mimi: Na sinki lihamie kwenye dirisha linalotazama uani, tafadhali. Ukihesabu dakika ambazo mtu husimama kwenye sinki kwa siku moja, hapo ndipo bustani itatazamwa kuliko mahali pengine popote, kuliko hata sebuleni. Mimi huwashauri watu waanze kuchora bustani wakiwa wamesimama ndani, mahali watakapokuwa wakisimama kweli, na kitu kizuri zaidi wakiweke mbele ya macho hayo. Bustani nyingi hupambwa kwa ajili ya mpita njia, wenye nyumba wakaishia kutazama mapipa na kamba ya nguo.

[20:31] Mama: Wanangu, nimesoma yote. Mmezungumza habari za jua na sinki, lakini hakuna aliyeniuliza nitaingiaje. Nimehesabu vipandio vitatu mlangoni. Goti langu mnalijua.

[20:33] Mdogo Wangu: Nisamehe, Mama. Nilifikiri tutakushika mkono.

[20:34] Mama: Mtanishika siku mlizopo.

[20:46] Baba Mdogo: Shemeji amesema kweli, na aibu hii ni yangu pia, kwa sababu niliipitia ramani nzima nisilione hilo. Vipandio vyenyewe kwanza. François Blondel, msanifu Mfaransa wa karne ya 17, alitoa kanuni ambayo bado inatumika: kimo cha kipandio mara mbili, ukijumlisha na upana wa pa kukanyagia, kiwe kama sentimita 60 hadi 64. Kimo cha 15 na upana wa 32 vinatoa 62, na goti bovu halitapigwa na mshangao. Hata hivyo vipandio peke yake havitoshi. Vitatu vya sentimita 15 vinafanya kimo cha 45, na njia ya mteremko inayomfaa mtu wa mkongojo au wa kiti cha magurudumu haipaswi kuwa kali kuliko 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kimo ipate sentimita 12 za urefu, hivyo unahitaji mita 5.4 za mteremko, pamoja na sehemu tambarare mbele ya mlango ambapo mtu anaweza kusimama na kugeuka. Mlango nao upanuliwe upate nafasi wazi ya sentimita 90, na kizingiti kiondolewe.

[20:50] Mdogo Wangu: Mita 5.4 nitazitoa wapi? Mbele ya mlango nina mita 4 tu kabla ya kufika kwenye ua.

[20:59] Mimi: Zitoe upande wa magharibi, mdogo wangu. Ukuta wa sebule una mita 7, na kati yake na mti kuna eneo ambalo ungelimwaga zege bila sababu. Mteremko uanzie karibu na kona ya nyuma, upande taratibu sambamba na ukuta, uishie kwenye baraza la mbele. Upande wake wa nje simamisha nguzo na fito, upandishe mmea wa kutambaa. Mama atapita kivulini, dirisha litapata ngao ya pili chini ya ile ya mti, na mgeni atakayeona njia ile hatadhani ni ya wagonjwa, kwa sababu itakuwa njia nzuri kuliko zote za kuingilia. Upana wake uwe mita 1.2, ili anayemsindikiza Mama atembee naye ubavuni badala ya kumfuata nyuma.

[21:03] Mama: Hiyo nimeipenda. Muweke na pa kushikia.

[21:05] Mdogo Wangu: Nakubali, na nakiri sikuwa nimewaza kwamba njia ya Mama na joto la sebule vingeweza kutatuliwa kwa fito zile zile. Sasa zege la mbele mnalionaje?

[21:16] Baba Mdogo: Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Paa lako ni kama mita mraba 100, kwa hiyo mvua moja ya milimita 20 inakuangushia lita 2,000 hivi. Ukimwaga zege la mita mraba 100 nyingine, umezifanya 4,000 na kuzinyima mahali pa kuzama, na zitatafuta mlango wako au wa jirani. Weka kitu kigumu pale tu gari na miguu inapopita, tena kwa matofali yaliyopangwa juu ya mchanga ili maji yapenye katikati, na kila kilicho kigumu kiinamie mbali na nyumba, sentimita 2 kwa kila mita. Maji ya paa yaingie tenkini, na yatakayofurika yaelekezwe kwenye mimea. Kesho chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, likishakauka lijaze tena na upime kwa rula. Yakishuka chini ya sentimita 2 au 3 kwa saa, udongo wako ni mzito na mpango wa maji utabadilika.

[21:18] Wifi: Na matope? Mimi ndiye nitakayefua.

[21:23] Mimi: Matope huletwa na udongo ulio uchi, wifi. Ufunike kwa mimea ifunikayo ardhi au kwa matandazo ya kina cha sentimita 5 hadi 10, usiyaegemeze tu kwenye mashina, yasije yakayaozesha. Majani ya mti ule ule unaokulalamikisha ndiyo matandazo yenyewe. Vijia vidogo vya uani usivijenge mwaka wa kwanza. Acha watu watembee, nyasi zitalala pale miguu inapopenda kupita, kisha upange mawe juu ya mstari huo. Nimeona vijia vingi vilivyopindwa kwa madaha, na pembeni yake mstari mweupe ulionyooka ambao watu wote hupita.

[21:26] Wifi: Na rangi ya sebule? Nilichagua kijivu kwenye kitabu cha sampuli.

[21:28] Mimi: Paka kwanza ubao mmoja mkubwa, uuhamishe ukuta kwa ukuta na uutazame asubuhi, alasiri na taa zikiwaka. Kijivu hicho kikikaa karibu na majani mengi kinaweza kukugeukia kijani. Rangi inasubiri, msingi hausubiri.

[21:34] Mdogo Wangu: Basi nimeandika: mti unabaki na kuzungushiwa uzio, sinki linahamia dirishani, mlango unapanuliwa, mteremko unapita magharibi, zege linafutwa. Nitamwomba mchoraji aichore upya pamoja na kiwanja chote, hata kama Jumatatu itasogea.

[21:39] Baba Mdogo: Isogee. Kabla hujampelekea, kesho funga kamba kwenye vigingi kuzunguka nyumba yote na njia ya mteremko, umpeleke Mama aipite akiwa na mkongojo wake, asubuhi na tena alasiri jua likishuka. Upige picha ya kivuli cha mti nyakati zote mbili.

[21:41] Mama: Nitakuja. Mnichukulie na kiti, nataka kuketi pale dirisha litakapokuwa nione kinachoonekana.

[21:44] Mdogo Wangu: Vigingi ninavyo, ila kamba niliyo nayo inatosha nyumba tu. Ya mteremko aje nayo Dada.