Mwalimu wa tuisheni anafundisha "muujiza" limetokana na "giza". Nimechoka!

Wakuu, nimetoka kazini, foleni ya barabara ya Kilwa imenimaliza, nafika nyumbani Mbagala saa tatu usiku binti yangu wa darasa la sita ananikabidhi daftari kanuna. Swali: eleza maana na asili ya neno muujiza. Yeye kaandika: jambo la ajabu linalopita uwezo wa binadamu, asili yake Kiarabu. Kapigwa kosa la bik nyekundu hadi karatasi imechanika. Pembeni mwalimu kaandika: "Neno la Kibantu. MU + GIZA, kwa sababu chanzo chake hakionekani."

Giza! Na mimi nalipa buku kila jioni. Afadhali hata angesema limetokana na "kuuza", kwa jinsi maji ya muujiza yanavyouzwa huku mjini ningemwelewa.

Neno ni mu'jiza la Kiarabu, na mzizi wake ni kushindwa, kutoweza. Muujiza ni jambo linalomwacha mtu hoi, hawezi kulifanya wala kulieleza. Ndugu zake tunao kila siku: ajizi, ile nyumba ya njaa, ni mzizi uleule. Na ajuza, bibi kizee aliyeishiwa nguvu, ni wa ukoo huohuo. Binti kusikia hivyo akacheka, akauliza kumbe bibi wa Rufiji naye ni muujiza.

Kilichomponza mwalimu ni ile mu-. Neno lilikuja nayo kutoka Kiarabu, sisi tukaichukulia kama ya kwetu, tukalipa wingi miujiza, kama mti na miti. Kitabu nacho tulikifanya hivyohivyo, tukapata vitabu, wakati ki- yake huko kwao ni sehemu ya neno lenyewe. Kama alitaka neno la kwetu si angewapa watoto kiinimacho? Kiini, macho, hapo kila mtu anaona lilikotoka.

Nimempigia kistaarabu kabisa: "Mwalimu, samahani, tufungue kamusi pamoja." Kanijibu kamusi anayo kichwani, wazazi wa siku hizi tumezidi ujuaji. Akakata.

Kesho naenda na kamusi mkononi. Hilo kosa nataka alifute mbele ya watoto wote aliowaandikisha giza lake. Kuna mzazi mwingine wa huku Rangi Tatu ambaye mtoto wake karudi na hiki kituko?