Naomba ushauri: jalidi inachoma bonsai zangu huku Molo

Habari zenu wanakikundi. Niko Molo, sehemu za juu, na ninakuza bonsai, yaani miti inayodumazwa ibaki midogo, kwenye vyungu bapa: mizeituni ya mwitu, bogonvilia, na mtini mmoja ambao ndio roho yangu. Kiangazi hiki usiku hauna wingu hata moja, na kukipambazuka nyasi ni nyeupe pe. Mizeituni haijali. Lakini machipukizi ya mtini na bogonvilia yamegeuka meusi, yakalegea kama mboga iliyochemshwa.

Nilifunika kwa karatasi ya nailoni, majani yaliyoigusa ndiyo yakaungua zaidi. Sasa natandaza gunia juu ya vijiti, na vyungu nimevishusha kutoka kwenye rafu nikavipanga chini, kando ya ukuta. Afadhali kidogo. Kuviingiza ndani naweza, ila nyumba ni ndogo na mama watoto ameshanuna.

Je, nimwagilie jioni, kwa kuwa udongo wenye maji hushika joto la mchana, au mizizi itaumia kwenye chungu kifupi hivyo? Na vitawi vilivyokuwa vyeusi, nivikate sasa au nisubiri mvua za Machi?

Wa Kinangop na Limuru, nyinyi baridi mnaijua. Nisaidieni tafadhali.